Kitambaa Juu ya Jiko la Gesi

Wapendwa, naona wengine mmeshaanza kufunga Biblia na kutafuta viatu kwa vidole vya miguu chini ya mabenchi. Tulieni kidogo. Neno tulilosoma leo ni zito, na chakula kizito bila mchuzi kinakwama kooni, kwa hiyo ngojeni niwape mchuzi wake. Ni mfano tu, nimeutunga mwenyewe, lakini mkiona unafanana na nyumba ya mtu mnayemfahamu, msimgeukie mkamtazama usoni. Ni habari ya jiko la gesi. Akina baba, msianze kuangalia saa, maana mwanamume yumo humu ndani, na jikoni alikuwa anaingia kwa miguu yake mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja upande wa Tukuyu, kule juu kwenye mashamba ya chai, ambako mvua ikianza kunyesha husahau kuacha. Tumwite Mama Tusekile, kwa jina la binti yake. Mume wake alikuwa Mzee Anyosisye, na kazi aliyoifanya tangu ujana hadi kustaafu ilikuwa kuangalia tanuri la kukaushia majani ya chai kiwandani. Aliujua moto. Akipita nje ya nyumba ya mtu, akaona moshi unavyotoka, alikuwa anakwambia humo ndani kuni ni mbichi na mwenye nyumba ana hasira.

Mama huyu alipika kwa kuni tangu alipoolewa. Macho yake yakawa mekundu, yanatoa machozi asubuhi na jioni, na ukingo wa kanga haubanduki usoni. Yeye alikuwa amezoea, akasema ndivyo walivyo wanawake wa huku. Lakini siku moja mzee alirudi akamkuta anachambua mchele kibarazani, mchana mweupe, ungo ameuinua mpaka karibu na pua. Mzee akasimama akamwangalia. Alivaa koti lake, akapanda gari la Mbeya, na jioni akarudi amebeba jiko la gesi la plet mbili, moto huku na moto huku, na mtungi wake.

"Vya nini hivi?" mkewe akauliza.

"Ni kwa ajili ya macho yako," mzee akajibu. "Bado nayahitaji."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakasema ndizi za gesi hazina ladha, hazinukii moshi, ni chakula cha watu wa mjini wasiokuwa na mashamba. Mzee akawauliza, "Ladha ya moshi ataifaidi nani, ikiwa mpishi haoni sahani ilipo?" Wakaendelea kucheka, lakini jioni wake zao walikuja mmoja mmoja kuliangalia hilo jiko, na walikaa sana.

Basi maisha yakabadilika katika nyumba ile. Kila alfajiri mzee mwenyewe ndiye aliyechemsha maziwa ya chai, kwenye plet ya kulia, amevaa kofia yake ya sufu, anaimba tenzi kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtu, na kila siku aliwaamsha wote. Wenzake kwenye kituo cha kupelekea maziwa walimtania kwamba mke amemkalia kichwani. Aliwaambia waje wanywe hiyo chai kwanza, halafu ndipo waongee.

Na Jumamosi mchana ilikuwa siku ya jiko. Ninyi mnaosafisha jiko la gesi siku mkwe akitoa taarifa kwamba anakuja, hapo nisikilizeni vizuri, si vibaya mtu akatoka kanisani na maarifa ya mikono. Mzee anafunga mtungi kwanza, anafungua dirisha, anasubiri vyuma vipoe. Anavua zile kofia za plet, anazilowesha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, anazisugua kwa mswaki mkuukuu, kisha anapitisha sindano kwenye kila kitundu polepole, maana akilazimisha atakipanua. Anazikausha mpaka ndani, kwa sababu kitundu chenye maji nacho hakipitishi gesi. Halafu anapaka povu la sabuni kwenye mpira wote, kuanzia mtungini mpaka jikoni, anainama na miwani yake kuangalia kama kuna mahali povu linafura. Akiona limetulia, anawasha, anarudi nyuma kidogo, anautazama moto. Ukiwa wa bluu anatabasamu, na ukiwa wa njano anaanza upya bila kunung'unika.

Muda wote huo anaongea. "Moto wa njano una njaa ya hewa, Mama Tusekile. Kuna kitu kimeziba mahali." Mkewe amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, anaitikia tu ndiyo, ndiyo, hata hasikilizi. Mvua inagonga bati. Dirisha li wazi, harufu ya sabuni na ya majani mabichi zinakutana humo jikoni.

"Jiko hili ungelioa tu," anamtania.

"Nimeshaoa," mzee anajibu, sindano iko mkononi. "Hili nalitunza kwa ajili ya niliyemwoa."

Wazee, mnazikumbuka Jumamosi za namna hiyo? Watu wawili jikoni, hakuna anayekimbilia popote, hakuna habari kubwa ya kuambiana, na mvua imewafungia ndani wala hawaichukii. Mimi nikizifikiria natamani kulia. Tulikuwa tunaishi vizuri na tulidhani ni siku za kawaida.

Sasa, asubuhi moja mzee alikuwa kwenye maziwa yake, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mama Tusekile alikuwa bado kitandani. Akasubiri ubeti uendelee. Badala yake akasikia maziwa yanafurika, yanamwagikia moto, moto unazimika, na hapo akajua. Alikimbia akamkuta mumewe ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alifunga gesi, akamkumbatia asianguke. Walimkimbiza hospitali, na kabla jua halijazama Mzee Anyosisye alikuwa amelala katika Bwana.

Wakamzika. Siku ya kuanua matanga, wanawake wa kanisa walikuja kama ilivyo kawaida yetu, na ndoo na mafagio, kuosha nyumba na vyombo vyote vilivyotumika msibani. Walipofika kwenye jiko la gesi wakaona maziwa yamegandia kwenye plet ya kulia, yamefanya duara la kahawia. Mmoja akachovya dodoki kwenye maji, akainama.

"Hapana," Mama Tusekile akasema. "Hilo msiguse. Hayo ni maziwa yake."

Nani angembishia siku kama ile? Wakaacha. Na mnajua sisi watu wa huku, kitu tukikiheshimu tunakifunika kitambaa. Redio kitambaa, televisheni kitambaa, makochi yana vitambaa mpaka mgeni anaogopa kuegemea. Mama akakaa chini akafuma kitambaa cheupe chenye pindo la bluu, akalifunika jiko lote. Waliokuja kumpa pole waliingizwa jikoni wakaonyeshwa. Hata mchungaji wake alipofika alitikisa kichwa akasema, hakika huyu mama alimpenda mume wake. Sisi wachungaji nasi, kwa kusifu haraka, hatujambo.

Yeye mwenyewe akarudi kwenye kuni, kwenye lile jiko la zamani la nje, lililoshikana na mlango wa nyuma. Jioni akimaliza kazi alikuwa anainua pembe ya kitambaa, analiangalia lile duara la maziwa, na kwa muda mfupi inakuwa kana kwamba mzee ametoka tu kidogo, ameenda kuwaangalia ng'ombe. Kisha anakishusha. Ndugu zangu, mimi simcheki. Mtu yeyote aliyewahi kuacha koti la marehemu linaning'inia mlangoni kwa sababu bado lina harufu yake, anajua ninachosema. Lakini kuna jambo mama huyu hakulitazama. Jiko lilinunuliwa ili macho yake yapone, na sasa jiko lilikuwa linalindwa na macho yamerudishwa kwenye moshi. Ninyi mnaliona? Yeye hakuliona, na waliomzunguka hawakumwambia, kwa sababu walikuwa wanamheshimu.

Mwaka ukapita. Binti yake Tusekile, aliyekuwa ameolewa Mbeya mjini, akajifungua mtoto wake wa kwanza, akaja kwa mama yake kutunzwa. Hiyo ni desturi na ni nzuri: mzazi aogeshwe maji ya moto, ale uji na supu, na mtoto ashikwe na mikono inayojua. Mtoto alikuwa wa kiume, na yule mkwe, kijana mwenye adabu zake, alikubali apewe jina la babu. Anyosisye! Mama Tusekile alipompokea alipiga vigelegele peke yake pale barabarani, na alikuwa hajapiga vigelegele tangu mzee alale. Akamwita "mume wangu" kama bibi wanavyofanya. Akampeleka moja kwa moja jikoni, akakiinua kitambaa, akamwonyesha.

"Ona, mume wangu. Jiko lako hili."

Ikawa masika. Kuni zikalowa. Kila alfajiri mama anapuliza mpaka mashavu yanamuuma, na moshi ukitoka nje unakutana na mvua, unageuka, unaingia kwa mlango wa nyuma mpaka chumbani alikolala mzazi na mtoto. Maji ya kuoga yana moshi, uji una moshi, nepi zilizokaushwa juu ya moto zina moshi. Mtoto akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, lakini mwili wake wote ulitikisika. Bibi akasema ni baridi ya Tukuyu, huyu mtoto kazaliwa mjini hajaizoea, akaongeza kuni ili nyumba ipate joto.

Tusekile akampeleka kliniki. Nesi alimsikiliza mtoto kifua kwa muda mrefu, kisha akalivuta blanketi akalinusa.

"Mnapikia wapi, mama?"

Tusekile angesema nini? Angesema nyumbani kuna jiko la gesi lakini limevaa kitambaa?

"Huyu akiendelea kulala kwenye moshi, kifua chake hakitahimili," nesi akasema. "Sikutishi. Mtoe humo mapema."

Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa ameenda migombani. Tusekile akamlaza mtoto, akaingia jikoni, akasimama mbele ya kile kitambaa cheupe. Msisahau kwamba naye alifiwa na baba. Alikikunja vizuri, akakiweka kitini. Plet ya kulia hakuigusa. Alifungua mtungi, akawasha ya kushoto, na moto ukatoka wa njano, mrefu, unarukaruka, unatupa masizi. Sufuria ikawa nyeusi kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Harufu ya gesi ikatanda.

Mama akaingia na ndizi zake kichwani. Mkungu ukamponyoka ukaanguka sakafuni.

"Zima! Zima hiyo! Umefanya nini?"

Tusekile akazima. Mama akasimama kati yake na jiko.

"Umeona?" akasema. "Limekataa. Jiko hili linamjua mwenyewe. Tangu aondoke halitaki mtu."

"Mama, jiko halimjui mtu. Ni chafu tu."

"Chafu? Maziwa ya baba yako ndiyo unayaita uchafu?"

Binti aliingia chumbani, akavuta begi lake, akaanza kukunja nepi. Mama akamfuata mpaka mlangoni.

"Sasa hayo unayofanya ni nini?"

"Kesho asubuhi narudi Mbeya. Nesi amesema mtoto atolewe kwenye moshi."

"Utaniondolea Anyosisye wangu kwa sababu ya jiko?"

Hapo Tusekile akageuka. Hakupandisha sauti, maana alimheshimu mama yake, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Anyosisye yupi, mama? Tunao wawili. Mmoja amelala makaburini, hakuna kitakachomdhuru tena. Mwingine ndiye huyu anayekohoa. Wewe unamtunza yupi?"

Mtoto akakohoa kitandani, akatulia, akakohoa tena. Bibi yake akarudi jikoni taratibu, akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Akaitazama ile sufuria yenye masizi. Akajiuliza, mzee angeikuta hii angesemaje? Na hapo, wapendwa, alimsikia mume wake vizuri kuliko siku zote alizokaa anainua pembe ya kitambaa. Alimsikia anafoka: "Moto gani huu, Mama Tusekile? Nani ameniaibisha hivi nyumbani kwangu?" Mama akacheka peke yake. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kwa sababu wazo lingine lilikuja nyuma yake. Katika Jumamosi zile zote, je, mzee aliwahi kuacha maziwa yakaukie kwenye plet? Hata mara moja? Yakimwagika alikuwa anayafuta chuma kikiwa bado kina uvuguvugu, maji ya chai hajayagusa. Hakuweza hata kula na uchafu ule uko pale.

Yaani kitu kimoja alichochagua kumkumbuka nacho mume wake, ndicho kitu ambacho mume wake asingekivumilia hata kwa nusu saa. Na yale mzee aliyoyapenda, moto wa bluu, dirisha lililo wazi, macho ya mkewe, hayo yote aliyaacha yafe. Alikaa na jambo hilo pale kwenye kigoda na likamuuma kuliko siku ya mazishi.

"Tusekile," akaita. "Niletee sindano."

Binti akaja nayo, hajui la kutarajia. Akamkuta mama yake ameshafunga mtungi na kufungua dirisha, mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye viwiko. Mama ambaye maisha yake yote hakuwahi kulisafisha jiko lile alikuwa anajua kila kitu. Kipi kitoke kwanza, kipi kiloweshwe, sindano iingie kwa pembe gani. Kumbe miaka yote ile anamenya ndizi na kuitikia ndiyo, ndiyo, maneno yalikuwa yanaingia. Akaushika mpira, akaukunja kidogo karibu na mtungi, ukaonyesha nyufa.

"Na wewe umewasha gesi na mpira wa namna hii, mwanangu? Huu umechoka. Baba yako angeshaubadilisha zamani."

"Sikujua, mama."

"Mungu ametuhurumia. Kesho utanunua mwingine."

Plet ya kushoto haikumsumbua. Ya kulia ilikuwa shida. Alilishika dodoki lenye maji muda mrefu, analiangalia lile duara la kahawia, na binti yake alisimama pembeni wala hakumharakisha. Mwishowe mama akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili, "Baba Tusekile, nisamehe nimechelewa." Akaanza kusugua. Maziwa yalikuwa yamekuwa magumu, mengine aliyakwangua kwa mpini wa mwiko. Alilia akisugua, na alisugua akilia, mpaka chuma kikaonekana. Yale maji machafu hakumwachia mtu mwingine ayamwage, aliyabeba mwenyewe mpaka nje.

Aliporudi akachungulia kwenye kile kibomba kilicho chini ya kofia, panapopita gesi na hewa. Akaingiza kijiti chembamba, akavuta, kikatoka na utando mweupe. Na mwenye utando naye akatoka, buibui mdogo, akakimbia juu ya meza kuokoa maisha yake.

Mama Tusekile akamtazama mpaka akapotelea ukutani.

"Kumbe," akasema. "Mwaka mzima nimekaa namlindia buibui nyumba yake."

Wakacheka, mama na binti, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na kilio kilichokuwa kimebaki tangu msibani nacho kikatoka humo humo.

Kesho yake asubuhi Tusekile hakwenda kupanda gari la Mbeya, alikwenda dukani kununua mpira wa gesi. Mama akaufunga, akaukaza, akapaka povu la sabuni toka mtungini mpaka jikoni, akainama kuangalia, ingawa macho yake hayakuwa yanaona vizuri na ilibidi amwombe binti amthibitishie. Povu lilikuwa limetulia. Akawasha kiberiti.

Moto ukazunguka plet yote, mfupi, wa bluu, hauna kelele. Mama akarudi nyuma kidogo akautazama. "Ndaga, Baba Tusekile," akasema, yaani asante, kwa lugha ya kwao. Kisha akateleka maji ya mtoto. Siku ile Anyosisye mdogo alioga kwenye chumba ambacho unaweza kuuona ukuta wa pili, na begi la mama yake likasukumwa uvunguni bila maelezo. Kikohozi hakikuisha siku hiyo, tusidanganyane. Kilichukua muda kupungua, na bibi alihesabu kila usiku uliopita salama kuwa zawadi. Ila kiliisha.

Sasa nimetoka Tukuyu, narudi humu ndani kwetu. Sisi nasi hatuna vitambaa? Biblia ya baba iko kabatini nyuma ya kioo, hakuna anayeifungua, tunaogopa kuichakaza. Nani aliichakaza mwanzo kama si yeye, kwa kuisoma? Shamba la mama tumeliacha liwe pori, eti hilo ni la mama, halilimwi na mtu. Mama angeliona si angelia? Waanzilishi wa usharika huu tunasimama kimya kuwakumbuka kila sikukuu, na wao walikuwa watu wasiojua kukaa kimya mgonjwa akiwa peke yake nyumbani. Mara ya mwisho wewe ulibisha hodi kwa mgonjwa lini? Nauliza tu, sitaki jibu kwa sauti.

Tumeyatunza yale waliyoyamwaga walipoanguka, tukayaita heshima. Walichokuwa wanakifanya kabla ya kuanguka tumekiacha. Halafu tunashangaa moto wetu ni wa njano, tunalalamika kwamba siku hizi kanisa limepoa, ibada za zamani zilikuwa tamu, watu wa zamani walikuwa na upendo. Ni kweli, walikuwa nao. Walikuwa nao kwa sababu kila Jumamosi walishika sindano. Usimlilie tu aliyetangulia. Fanya kazi yake. Ukiifanya utamsikia, na utamsikia anaongea na wewe, siyo anakufa mbele yako kila jioni.

Nilitaka niishie hapo. Lakini nikiwa nimesimama hapa juu kuna kitu nakiona, na ninyi mnakiona kila Jumapili mpaka hamkioni tena. Benchi la pili mkono wangu wa kushoto. Lile lenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Ni benchi la marehemu Mzee Simbeye, na tangu tumzike hakuna aliyelikalia. Tuliona ni heshima. Vijana, nyie hamkumfahamu, niwaambie alikuwa nani. Alikuwa mzee mwenye goti bovu ambaye kila Jumapili, mahubiri yakiwa hayajaanza, aligeuka nyuma, akatafuta mama mwenye mtoto aliyekosa nafasi, akamwinukia. Yeye akaenda kusimama ukutani na goti lake. Ndiyo maana tulimpenda. Hata siku moja hakulikalia benchi lile huku mama mwenye mtoto amesimama.

Sasa geukeni nyuma. Ndiyo, wote, geukeni, leo ruhusa. Mnawaona pale mlangoni? Wamesimama na watoto mgongoni tangu wimbo wa kwanza, mvua inawapiga, kwa sababu mabenchi yamejaa. Lipo moja tu lililo tupu.

Mzee wa zamu, nenda ukatoe kile kitambaa. Maua yaweke pembeni. Usimwogope mjane wa marehemu, mimi nimeshamtazama, anaitikia kwa kichwa. Haya, akina mama, njooni. Ninyi, ninyi hapo mlangoni. Na huyo anayelia njooni naye, alie huku karibu na mimi. Sogeeni, mkae.